Mstari wa Juu wa Fito

Shamba lenyewe si kubwa. Ukianzia mlangoni kwangu unapita kwenye migomba, kisha kwenye mibuni, kisha unateremka mpaka kwenye kijito, na hapo limekwisha. Kijiji chetu kiko Murukulazo, wilaya ya Ngara, na karibu kila nyumba ina kipande cha namna hiyo: migomba karibu na mlango, muhogo na maharage bondeni, na kati ya jirani na jirani mstari wa miti ili watu wasigombane.

Mume wangu Pancras alifariki mwaka 1991. Watoto wetu walitutangulia, akabaki binti mmoja, Anneth, naye alikuwa ameolewa Bisibo, kule Biharamulo. Siku ya kumaliza matanga, Theonest, mdogo wake Pancras, alisimama mbele ya ukoo akasema neno ambalo wote walilisikia.

"Shemeji Koleta atakula kwenye shamba la kaka mpaka Mungu atakapomwita. Hakuna atakayemgusa. Lakini ni shamba la ukoo. Siku akimpa mtu wa nje, hata hatua moja, linarudi kwetu siku hiyohiyo."

Wazee wakakubali. Mimi pia nilikubali, maana sikuwa na mtu wa nje wa kumpa.

Miaka miwili baadaye Warundi wakaanza kuvuka mpaka, na mwaka uliofuata Wanyarwanda. Sijawahi kuona watu wengi namna ile. Mlima tuliokuwa tukiokotea kuni ulibaki na visiki, kisha visiki navyo viling'olewa, maana watu lazima wapike. Wapo waliotuibia ndizi, siwezi kusema hawakuwepo. Lakini nakumbuka pia mwanamke aliyeniomba maji mlangoni, akanywa nusu ya kata, na nusu iliyobaki akaninawisha mikono kwa kuwa aliniona nina tope. Hata jina lake sikulijua.

Adelfina alikuja Februari 1995 kutoka kambi ya wakimbizi, mtoto mgongoni, akitafuta kibarua. Nilimpa kupalilia kahawa, na jioni nikampa mkungu mdogo wa ndizi. Kabla ya kuondoka alikwenda kijitoni akaliosha jembe langu, akalifuta kwa majani, akaliegemeza ukutani. Nikamwambia arudi kesho yake.

Tulielewana bila shida, kwa sababu Kihangaza chetu na Kirundi chao ni kama watu waliolelewa nyumba moja. Alikuwa ametoka upande wa Ngozi. Mume wake hakuvuka, na mimi sikumuuliza zaidi ya hapo. Mtoto wake, Odeta, alikuwa ameanza kuota meno, akitafuna kila alichokishika, hata kidole changu.

Siku moja, tukiwa tumekaa kivulini tunamenya ndizi, Adelfina alifungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake. Ndani mlikuwa na maharage, konzi mbili hivi, meupe yenye madoa mekundu.

"Hizi ni mbegu za mama yangu," aliniambia. "Njiani tulilala njaa siku tatu na sikuzipika."

"Na kambini?"

"Kambini ndiyo zilitaka kunishinda. Odeta akilia usiku nazitazama, zinanitazama." Alicheka kidogo. "Lakini mama, zimeshakaa sana. Zikipita msimu huu hazitaota tena. Kambini nimepanda kidogo mbele ya hema, watu wakazikanyaga. Naomba uniazime kipande, hata kama ni mahali unapotupa takataka."

Nililisikia neno la Theonest kichwani. Lakini kuazimana siyo kupeana, na kila mtu huku anajua tofauti yake. Aliyeazimwa ardhi hupanda kitu cha kuvunwa msimu uleule. Hapandi mgomba, hapandi mbuni, wala mti wa aina yoyote, kwa sababu mti hukaa miaka, na akishaupanda ni kama amesema kwamba naye yupo pale kwa miaka. Adelfina alilijua hilo bila kuambiwa. Kwao ni vilevile.

Nikampa kipande cha bondeni, kutoka kijitoni kupanda juu, hatua kumi na mbili.

Maharage yetu sisi ni mafupi, yanakaa chini. Yale ya Adelfina yalikuwa ya kupanda, yanataka kijiti cha kujizungushia, kirefu kumzidi mtu. Kwao huchomeka fito kavu shamba zima. Lakini mwaka ule, nani angeacha fito kavu bondeni? Zingelala usiku mmoja tu, asubuhi ziko chini ya chungu cha mtu. Kwa hiyo aliniomba matawi mabichi ya mvumu wangu wa pale uani. Mvumu ni mti ambao wazee walibandua gome lake kutengeneza nguo. Una utomvu mwingi, na tawi bichi likiwekwa motoni linatoa moshi tu, hakuna mwizi wa kuni anayelitaka. Nilijua tawi nene la mvumu ukilichomeka ardhini linashika. Fito nyembamba kama kidole gumba sikudhani zingeshika.

Alianza chini, karibu na maji, akapanda juu mstari kwa mstari. Alipobakiza mstari wa mwisho, ule wa juu kabisa, Odeta akapata homa. Adelfina akampeleka zahanati ya kambini, akakaa siku mbili. Fito zilikuwa zimelala pale chini, na maharage yalikuwa yameshaanza kutoa mikono, yanatafuta pa kushika. Niliona vibaya kuyaacha. Nikateremka, nikauchomeka ule mstari wote peke yangu, kama ninavyochomeka pingili za muhogo, nikazifunga fito vizuri kwa nyuzi za mgomba. Nilijisikia vizuri sana, kama mtu aliyemwekea mwenzake chakula.

Aliporudi alisimama mbele ya mstari ule muda mrefu. Alishika fito moja, akaipapasa kwa kidole, akaiachia.

"Asante mama," alisema. "Umenifanyia kazi kubwa."

Nilidhani ni furaha.

Msimu ule watu walikuja kutazama maharage yetu kama wanavyokwenda kutazama gari lililopinduka Nyakanazi. Yalipanda yakafika ncha ya fito, yakawa yananing'inia. Theonest mwenyewe, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya kijito, alisimama na jembe begani.

"Shemeji, maharage yako yamepanda juu kutafuta nini? Yanachungulia Burundi?"

"Yanakuchungulia wewe, yaone kama unalima au umelala," nikamjibu. Akacheka. Hakuwa mtu mbaya, Theonest. Alikuwa na watoto saba wa kiume na shamba dogo kama langu.

Mwezi wa sita tulivuna. Adelfina alinigawia nusu, nami nikamrudishia sehemu kubwa ya nusu hiyo, tukasukumana hivyo mpaka tukachoka. Fito tukaziacha zimesimama ardhini zingojee msimu mwingine. Baada ya hapo hakuja tena mara kwa mara, kwa sababu ilitangazwa kwamba mkimbizi asionekane mashambani, na mgambo wakaanza kusimama njiani, hata wezi wa kuni wakapotea.

Ikaja kiangazi. Mwezi wa nane, kila kitu kikiwa kikavu, niliona ule mstari wa juu umetoa majani. Mistari mingine yote ilikuwa mikavu, imekufa. Huo mmoja tu ndio ulikuwa kijani kibichi, majani mapana yanang'aa, kutoka upande huu mpaka upande ule. Nakiri nilifurahi. Macho yangu yalikuwa yamechoka kuona vumbi. Sikufikiri mbele.

Theonest alifikiri. Alikuja mlangoni asubuhi, hakukaa kitini nilipomkaribisha.

"Shemeji, nani amepanda mivumu kule bondeni?"

"Si mivumu. Ni zile fito za maharage, zimechipua."

"Fito za maharage." Alitikisa kichwa. "Zilikatwa siku moja, kwenye mti mmoja, zikachomekwa shamba moja. Zikachipua za mstari mmoja tu. Na mstari wenyewe ndio ule unaotenga kipande cha yule mkimbizi na shamba la kaka. Wewe ukiambiwa hivyo na mtu mwingine, ungesadiki?"

Nilikuwa nimejiuliza jambo hilohilo, nikashindwa.

"Amejificha nyuma ya fito, akapanda miti ya mpaka," alisema. "Au umempa mwenyewe. Vyovyote vile, nilisema mbele ya watu, nawe ulisikia. Jumapili baada ya misa mwenyekiti atakuja kuona."

Siku zile nne sikulala vizuri. Sikuwa na pengine pa kwenda. Bisibo ni kwa mkwe wangu, na mama hawezi kuhamia kwa mkwe wake na chungu kichwani. Ningeweza kumwita Adelfina aje kueleza, lakini nikaona nikimwita nitamponza: watamkamata kwa kulima nje ya kambi, pengine wamnyang'anye kadi ya mgawo, na mtoto atakula nini. Nikaamua kunyamaza. Ila mzee Ndikuriyo alipita kunijulia hali, nikamwambia yote. Huyu ni jirani yangu, Mrundi aliyekuja mwaka 1972, akapewa ardhi na serikali, akazeeka hapa. Alikuwa na jamaa kambini. Hakuniambia kama atakwenda huko, alisema tu, "Haya, mama," akaondoka.

Jumapili walikuja watu sita. Mwenyekiti wa kitongoji, Gervasi, aliyekuwa bado na suti yake ya kanisani, wazee watatu wa ukoo, Theonest, na Ndikuriyo kama jirani wa mpaka. Tuliteremka bondeni. Gervasi alitembea kwenye ule mstari wa kijani mwanzo mpaka mwisho, akahesabu hatua, akarudi.

"Huu ni mpaka," alisema. "Hata mtoto angeona ni mpaka. Mama Anneth, una la kusema?"

Kabla sijafungua mdomo, nilimwona Adelfina anapanda kutoka kijitoni, sketi imelowa mpaka magotini, Odeta mgongoni. Alipiga goti kwa wazee.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitika, mmoja mmoja, kwa sauti za watu wasiojua kama wanapaswa kuitika.

"Mimi ndiye niliyelima hapa," alisema. "Fito zote nilizichomeka mimi, na huu mstari pia. Mama hakujua lolote. Kama kuna kosa ni langu, naomba asiadhibiwe yeye."

"Mmesikia," alisema Theonest, taratibu. "Mimi sina la kuongeza."

Nilimtazama yule binti, nikaona hakuelewa alichokifanya. Alidhani amenibebea mzigo. Kumbe amelitoa shamba langu lote kwa mkono wake, maana hilo ndilo tu Theonest alilokuwa anataka kusikia, kwamba mti ule umepandwa na mtu wa nje.

"Mwenyekiti," nikasema, "si kweli. Mstari huu niliuchomeka mimi. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, hakuwepo."

"Sasa shemeji anajitwika," alisema Theonest.

"Mama, usiseme hivyo," alisema Adelfina, machozi yanamtoka.

Gervasi alivua kofia, akajipepea. "Nimekuwa mwenyekiti miaka minane. Nimezoea watu wanaokimbia kosa. Hawa wawili wanalinyang'anyana kama nyama."

Mzee mmoja akacheka, akajizuia. Ndikuriyo hakucheka. Alikuwa ameondoka kwenye kundi, ameshuka mistari mitatu chini, kwenye fito zilizokauka. Aling'oa moja, akaifuta udongo, akaigeuza mkononi. Akang'oa nyingine. Akashuka mpaka mstari wa karibu na maji, akang'oa ya tatu. Sisi wote tulikuwa tunamtazama. Alirudi nazo, akampa Gervasi.

"Mwenyekiti, tazama macho ya hii fito. Pale mahali majani yanapotokea. Yanaelekea wapi?"

Gervasi alitazama. "Chini."

"Na hii?"

"Chini pia."

"Zimechomekwa kichwa chini. Zote. Kwetu mtu akikosa fito kavu hutumia mbichi, lakini huipindua ili isiote. Mama yangu alifanya hivyo. Mtu anayetaka kupanda mpaka hapindui mti." Akauendea ule mstari wa kijani, akainama, akaweka kidole chini ya jani. "Hizi, macho yanaelekea juu. Aliyezichomeka hizi siye aliyechomeka zile. Huyu wa hapa hakuijua kazi hiyo." Akanigeukia. "Mama, ulizichomeka vipi?"

"Kama muhogo," nikasema. "Macho juu. Ndivyo alivyonifundisha marehemu."

Hata Theonest alilijua hilo. Kwetu hakuna mtu angechomeka kijiti chochote kwa namna nyingine. Pingili ya muhogo ikipinduliwa, umepoteza chakula.

Gervasi alimwangalia Adelfina. "Binti, wewe uliona kwamba zimechomekwa vibaya?"

Alimweka mtoto sawa mgongoni. Odeta alikuwa amelala, kichwa kimeinama upande.

"Niliziona siku ileile niliporudi," alisema. "Nilitaka kuzing'oa nizipindue. Lakini alikuwa amezifunga vizuri, moja moja. Yeye ndiye aliyenipa ardhi. Ningemwambiaje kwamba amekosea kuchomeka kijiti? Nikasema nitazing'oa baada ya kuvuna. Kisha tukakatazwa kuja."

Wazee wakasogea pembeni wakazungumza. Haikuchukua muda mrefu. Gervasi alirudi akavaa kofia yake.

"Miti hii imepandwa na mke wa Pancras kwenye shamba la Pancras. Ukoo ulisema asimpe mtu wa nje, na sioni alichompa zaidi ya msimu mmoja. Shamba halirudi. Theonest, umeridhika?"

Theonest alikuwa ameshika moja ya zile fito kavu, anaikunakuna macho yake kwa ukucha. "Nimeona," alisema. Hakusema ameridhika.

"Na wewe, binti," Gervasi aliendelea, "leo nimekuja kuangalia miti, sikuangalia watu. Lakini nikikukuta hapa mara ya pili nitalazimika kukuona. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

Basi ikawa shamba limebaki kwangu, na yeye ameondolewa. Watu wakaanza kupanda kurudi nyumbani. Adelfina alikuwa anajifunga kitenge vizuri aelekee barabarani, Theonest akamwita. Nilishtuka, nikadhani anaanza tena.

"Usipite barabara ya juu," alimwambia, bila kumtazama. "Mgambo wamekaa pale kwenye kona tangu asubuhi. Shuka na kijito mpaka kwenye mianzi, utatokea nyuma ya zahanati."

Hakulazimika kumwambia. Kwa hilo peke yake nilimsamehe mengi.

Adelfina alifuata kijito. Kabla hajashuka alinipa fundo, kipande cha kitenge alichokichana, ndani konzi moja ya mbegu. Konzi nyingine alibaki nayo. Nilimshika Odeta mguu, ulikuwa wa moto kwa kulala. Hatukuonana tena. Baadaye nilisikia wale wa sehemu yao ya kambi walihamishwa, na baada ya miaka wengi walirudi kwao. Ndikuriyo aliuliza kila alipokwenda. Hakupata habari.

Sasa mivumu ile ni mikubwa, mtu hawezi kuukumbatia mmoja akashikanisha mikono. Imeshika udongo, mvua haiuchukui tena kwenda kijitoni. Theonest ameshafariki, na watoto wake hawajagusa mti hata mmoja, kwa sababu kila mzee kijijini anajua ni nani aliyepanda na kwa nini. Anneth alifiwa na mume akarudi kutoka Bisibo, na analima pale kama mtu anayelima kwake. Maharage tunayapanda kila masika, yale meupe yenye madoa. Fito kavu zimekuwa ghali, kwa hiyo tunakata mbichi, na mimi hukaa kwenye kigoda nikizipapasa kwa kidole kutafuta macho, kwa kuwa yangu hayaoni vizuri, kisha nampa Anneth zikiwa zimeelekezwa macho chini.

Mwaka jana nilikuwa na kikohozi, akachomeka mwenyewe shamba zima. Alipomaliza alinishika mkono akanipeleka kuona, na alikuwa amefunga kila fito vizuri, moja moja. Nilipapasa ile ya kwanza, nikapapasa ya pili. Nyingi zilikuwa sawa. Tatu zilikuwa na macho juu.

"Umefanya kazi kubwa," nikamwambia.

Moja imeshatoa majani mawili. Nimeiacha.